Zabuni Zetu na Ibada ya RAID 10

Kifungu cha diski katika zabuni za seva za kanzidata, ukishakisoma kimoja umevisoma vyote. Mfumo endeshi ukae kwenye diski pacha mbili. Logi ya miamala ikae kwenye diski pacha nyingine mbili, peke yake, isichanganywe na kitu. Data ikae RAID 10. Bakapu iwekwe RAID 5, ndani ya seva hiyohiyo, kwa sababu bakapu si kitu cha kuharakishia. Mnunuzi awe benki, hospitali, chuo au chama cha kuweka na kukopa, kanzidata iwe ya gigabaiti 80 au ya terabaiti 8, maneno ni yaleyale. Mara nyingine hata makosa ya chapa ni yaleyale, kwa kuwa kifungu kimenakiliwa kutoka zabuni ya mwaka juzi.

Ukihoji, unatazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini watu hunawa mikono kabla ya kula. Kanzidata ni RAID 10, basi. Anayetaja RAID 5 au RAID 6 huonekana mgeni wa kazi, au katumwa na muuzaji anayetaka kubana bei.

Nashikilia kwamba kanuni hii, kwa seva zinazonunuliwa leo, ni mazoea yaliyovaa joho la utaalamu. Kasi inayodaiwa haionekani, usalama unaodaiwa haupo kwa kiwango hicho, na fedha inazokula ndizo ambazo zingenunua ulinzi wa kweli. Lakini wanaoitetea si wajinga. Nianze pale walipo na haki.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyozaa RAID. Hoja yao ilikuwa ya kiuchumi. Diski nyingi ndogo za bei ya kompyuta ya mezani, zikifungwa pamoja, zingeweza kushindana na diski kubwa ya gharama kama IBM 3380 iliyohudumia kompyuta kuu za wakati ule. Ila diski zikiwa nyingi na vifo vyake huwa vingi, kwa hiyo ilibidi zilindane. Njia moja ni kuandika kila kitu mara mbili, diski na pacha wake. Nyingine ni pariti, yaani hesabu inayowezesha kuirudisha diski moja iliyokufa kutokana na yaliyomo katika zile zilizobaki. Hiyo ndiyo ngazi ya tano, RAID 5.

Pariti ina gharama yake. Kanzidata haiandiki mafaili marefu kama studio ya video. Huandika kurasa ndogo hapa na pale, kilobaiti 8 kwa PostgreSQL na SQL Server, 16 kwa InnoDB ya MySQL. Kubadilisha ukurasa mmoja kwenye RAID 5 kunadai kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kisha kuandika pariti mpya. Kazi nne. RAID 6, yenye pariti mbili, hudai kazi sita. Diski pacha, zilizo msingi wa RAID 10, hudai mbili tu. Chukua diski nane za sahani zinazozunguka mara 15,000 kwa dakika, kila moja ikimudu kazi kama 180 kwa sekunde. RAID 10 itakupa maandishi 720 kwa sekunde, RAID 5 itakupa 360, na RAID 6 itakupa 240. Kwa benki ya miaka ya 2000 mwanzoni, tofauti hiyo ilionekana kaunta, kwenye urefu wa foleni. Ndiyo maana miaka hiyo Mogens Nørgaard na James Morle, mabingwa wa Oracle, walianzisha kampeni waliyoiita BAARF, vita dhidi ya RAID 5 na ndugu zake wote wa pariti. Kwa chuma cha wakati ule walikuwa sahihi, na waliowapuuza walijuta.

Kwa hiyo kama seva yako bado ina diski za sahani, na zipo nyingi maofisini, hasa zile zilizoletwa na mradi wa wafadhili halafu mradi ukaisha, endelea na RAID 10 na makala hii isikusumbue.

Wengine turudie hesabu. SSD moja ya NVMe ya daraja la seva humudu makumi ya maelfu ya maandishi ya hapa na pale kwa sekunde, na usomaji wa mamia ya maelfu. Tuseme maandishi 50,000. Diski tano za namna hiyo ni 250,000, gawanya kwa nne kwa adhabu ya RAID 5, zinabaki zaidi ya 60,000. Nionyeshe chama cha ushirika kinachoandika kurasa 60,000 kwa sekunde. Taasisi ya kati inayopokea miamala 300 kwa sekunde, tuseme saa mbili asubuhi siku ya mshahara, kila muamala ukigusa kurasa kumi, inahitaji 3,000. Adhabu ya kazi nne ipo palepale, hisabati haijafutwa, ila inatozwa mahali ambapo hakuna anayeihisi.

Kadi ya RAID yenyewe, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya diski za sahani, siku hizi ndiyo hugeuka kizibo kati ya SSD na prosesa. Na seva ninazoitwa kuzitazama kwa sababu "diski ni nzito", mara nyingi tatizo ni swali la SQL linalosoma jedwali zima kwa kukosa faharasa, au RAM ya gigabaiti 16 inayobebeshwa kanzidata ya gigabaiti 400. Hakuna aina ya RAID inayotibu faharasa iliyokosekana.

Nusu ya pili ya ibada ni kutenganisha: logi kwake, data kwake, faharasa kwake, mafaili ya muda kwake. Hili nalo lina asili ya heshima. Diski inayozunguka mara 15,000 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 4, kwa hiyo kwa wastani unasubiri milisekunde 2 ili sekta unayoitaka ifike chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusafiri. Logi huandikwa mfululizo, mstari baada ya mstari. Ikiwa peke yake kichwa hakihami, na ukiichanganya na data kichwa kinarukaruka mchana kutwa. Maelezo hayo ni sahihi neno kwa neno, na hayaihusu SSD hata kidogo, kwa sababu SSD haina kichwa wala sahani.

Kinachochekesha zaidi ni utenganishaji wa kwenye karatasi. Msimamizi anaomba D kwa data, L kwa logi, T kwa mafaili ya muda. Mtu wa mashine pepe anampa volyumu tatu, zote zimekatwa kutoka dimbwi moja la diski zilezile kwenye storeji moja, nyuma ya kontrola zilezile. Nyaraka zinasema vimetenganishwa. Mkaguzi anaweka tiki. Diski hazijui kama kuna D na L.

Na hata enzi za diski za sahani, kanuni hii ilipingwa na mtu wa ndani kabisa. Kuelekea mwaka 2000 Juan Loaiza wa Oracle aliandika makala akipendekeza mafaili yote, logi, data na faharasa, yatandazwe juu ya diski zote kwa vipande vya megabaiti moja, na zote ziandikwe pacha. Sababu yake ni rahisi. Ukizigawa diski nane katika makundi matatu, kundi moja litachemka wakati mengine yamelala, na hujui ni lipi mpaka siku ya kufunga hesabu za mwezi. Ukiziacha pamoja, kila kazi inapata nguvu ya diski zote. Oracle waliliingiza wazo hilo katika mfumo wao wa ASM. Wenzetu walioisoma makala ile, au waliosimuliwa, wakashika "pacha" na kuacha "zote".

Kutenganisha kuna hasara isiyoandikwa zabunini. Data ikiwa kwenye volyumu moja na logi kwenye nyingine, kisha storeji ikachukua snapshoti za volyumu hizo kwa nyakati zinazopishana hata kwa sekunde moja, siku ya kurejesha utapata logi na data zisizoafikiana. Kanzidata inaweza kukataa kuamka. Inaweza pia kuamka, na hilo ni baya zaidi.

Sipingi kuweka mpaka wa nafasi, ili logi iliyofura isijaze sehemu ya data. Huo ni mpaka wa programu, hauhitaji diski zake. Kuna utenganishaji mmoja tu ambao lazima uwe wa chuma kwa chuma, jengo kwa jengo ikiwezekana: bakapu na logi zilizohifadhiwa zisikae pamoja na kanzidata yenyewe. Na huo ndio pekee ambao kifungu chetu cha zabuni kinaukataa, kinapoziweka bakapu katika RAID 5 ya seva ileile.

Tuje kwenye usalama, ambako RAID 10 huonekana haina mjadala. Una diski nane, jozi nne. Moja imekufa. Ikifa ya pili kabla hujabadilisha ya kwanza, uwezekano ni mmoja kwa saba kwamba ni pacha wake, na ikiwa ni huyo, kanzidata imekwenda. Diski hizohizo nane zikiwa RAID 6, kifo cha pili hakina madhara, iwe diski yoyote. Kwa hesabu hii peke yake, ile inayoitwa salama ndiyo yenye kamari.

Najua jibu, na ni jibu zuri. RAID 10 hujijenga upya haraka kwa kuwa inasoma pacha mmoja tu, wakati pariti inalazimika kuzisoma diski zote zilizobaki. Halafu watakukumbusha kwamba diski za sahani za bei ya chini hutangazwa kukosea sekta moja katika kila biti trilioni 100 zinazosomwa, yaani terabaiti 12.5. Ukijenga upya RAID 5 ya diski kubwa, unaweza kugonga kosa hilo katikati ya safari. Kwa diski hizo hoja inasimama. SSD nyingi za seva hutangazwa kwa kiwango bora mara 100 mpaka 1,000, na kuzijenga upya ni kazi ya saa chache. Tena, ile sifa ya kusoma pacha mmoja ndiyo udhaifu wenyewe: pacha akiwa na sekta isiyosomeka, hakuna mwingine wa kumuuliza. RAID 6 iliyopoteza diski moja bado ina pariti ya pili.

Lakini hata hili ni dogo. Hesabu zote za RAID, za wao na zangu hapo juu, zimejengwa juu ya dhana kwamba diski hufa kila moja kwa wakati wake. Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD zake zina kasoro katika programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa, na data haipatikani tena. Saa hizo ni miaka mitatu, siku 270 na saa 8. Namba yenyewe ni mbili kwa kipeo cha kumi na tano, yaani kihesabio kilichojaa. Sasa fikiria seva uliyoipokea na diski nane mpya, ukaiwasha siku moja. Jozi zako nne zinafikia saa hiyo pamoja. HPE wenyewe walionya kwamba diski zilizowashwa kwa wakati mmoja zitakufa karibu kwa wakati mmoja. Machi 2020 wakatangaza kasoro nyingine ya namna hiyo, safari hii kwenye saa 40,000.

Hao hawakuwa peke yao katika kuonyesha kwamba vifo vya diski vina udugu. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na yuleyule Garth Gibson wa RAID walichambua kumbukumbu za diski kama 100,000. Watengenezaji walikuwa wakitangaza maisha ya saa milioni moja, ambayo kwa hesabu ni diski isiyofika moja kwa mia kufa kila mwaka. Kwenye vituo halisi wakakuta mbili mpaka nne kwa mia zikibadilishwa kila mwaka, na pengine hadi 13. Wakakuta pia kwamba kifo kimoja huvuta kingine. Mmoja wa mababu wa RAID alikuwa anatuambia dhana ya mwanzo haishiki, na zabuni zetu hazikusikia.

Pacha wa SSD wana ubaya wao wa ziada. Wanaandikwa kurasa zilezile, kwa mpangilio uleule, kwa sekunde ileile. SSD huchakaa kwa kuandikwa. Kwa hiyo umewanunua siku moja, ukawazeesha kwa kasi moja, na sasa unategemea mmoja abaki kijana ili amwokoe mwenzake.

Kuna na hili la diski isiyokufa bali inayodanganya. Mwaka 2008 watafiti walitoa uchambuzi wa diski milioni 1.53 kwa miezi 41, wakakuta zaidi ya mara 400,000 ambapo kilichosomwa hakikulingana na cheksamu ya kilichoandikwa. Diski haikulalamika. Ilileta data mbovu ikiwa na uso mkavu. Kwenye diski pacha, mmoja akisema salio ni hili na mwingine akasema ni lile, kadi ya RAID haina njia ya kujua mkweli ni nani. Inasoma yeyote aliye tayari. Kinachogundua uongo huo ni cheksamu, katika mfumo wa mafaili kama ZFS, au ndani ya kanzidata yenyewe. PostgreSQL imekuwa nayo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ila ilibidi uiwashe mwenyewe. Ni mwaka 2025 tu, toleo la 18, ilipoanza kuja ikiwa imewashwa. Miaka 12 mpangilio huu wa bure umekuwepo, na sijakutana na kifungu cha zabuni kinachoudai. Diski pacha zimedaiwa kila mara.

Umeme nao. Kanzidata inapomwambia mteja "muamala umepita", imeamini neno la diski kwamba logi imefika mahali pa kudumu. Diski nyingi hujibu "imefika" wakati maandishi bado yako kwenye kashe. Mwaka 2013 watafiti walizikatia umeme SSD 15 za watengenezaji watano, na 13 zikapoteza au kuharibu data kwa namna fulani. Sisi wa huku hatuhitaji maabara kuzikatia umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ilikaa gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukapatwa. Anayeendesha seva Mwanza au Kisumu anajua kwamba UPS hufa kimyakimya miezi kadhaa kabla mtu hajagundua. Umeme ukikatika, diski zote mbili za jozi hukatika pamoja, zikiwa na uongo uleule kwenye kashe. Kinachosaidia ni SSD zenye kapasita za kuhifadhi nguvu, zinazopata nafasi ya kumalizia kuandika. Zinapatikana, na bei yake si ya kutisha. Lakini zabuni ikiandika "SSD 8, RAID 10" bila kutaja hilo, mzabuni mwenye njaa ataleta diski za kompyuta za mezani zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, na atakuwa ametimiza masharti kikamilifu.

Hata diski ikisema kweli, kuna waliokuwa hawasikilizi. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba Linux ikishindwa kuandika, hutoa taarifa ya kosa mara moja kupitia amri ya fsync, kisha inaweza kuzitupa kurasa zile. Kanzidata ikirudia amri, inajibiwa kwamba mambo ni shwari. Marekebisho yaliyotolewa Februari 2019 yanaifanya PostgreSQL izime mara moja na kujirejesha kutoka kwenye logi badala ya kuamini jibu la pili. Anayetumia toleo la kabla ya hapo, na wapo, amebeba hatari ambayo pacha hata kumi hawaipunguzi.

Halafu kuna sisi wenyewe. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika usiku na replika iliyogoma, alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti kama 300 zikabaki zisizofika tano alipostuka. Diski zilitii, pacha na mwenzake, kama zilivyoundwa. Bakapu za kila siku zilikuwa zimeshindwa kwa muda bila mtu kujua, kwa sababu programu ya bakapu ilikuwa ya toleo 9.2 na kanzidata ya 9.6. Kilichowaokoa ni snapshoti iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kuirudisha kulichukua kama saa 18, kwa kuwa diski ilikokuwa zilikuwa za mwendo wa kinyonga. Nawaheshimu kwa kuyaeleza yote hadharani. Taasisi zetu huita "matengenezo ya mfumo".

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la OVHcloud mjini Strasbourg na sehemu ya jengo la jirani. Wapo wateja waliokuwa na bakapu, na bakapu ziliungua kwa sababu zilikuwa kwenye kituo hichohicho.

Sasa nirudi kwenye fedha, maana hapa kosa ni la bajeti kuliko la ufundi. Unataka terabaiti 15 za kutumia, na diski ni za terabaiti 3.84. Kwa RAID 10 utanunua nane, zote ndani ya kasha moja. Kwa RAID 5 zinatosha tano. Tano nyingine ukiziweka kwenye seva ya pili yenye replika, jumla ni kumi. Kwa diski mbili za ziada na gharama ya kasha la pili, ubao mama ukiungua kazi inaendelea, kadi ya RAID ikirukwa na akili kazi inaendelea, chumba kikifurika maji kazi inaendelea. Ile ya nane katika kasha moja inakulinda na kifo cha diski tu. Kasha la pili si bure, ni kweli. Lakini taasisi ikiniambia haina fedha za seva ya pili huku ikilipia nusu ya diski zake zifanye kazi ya vivuli, naiuliza nani aliyeipangia vipaumbele.

Replika nayo isigeuzwe ibada mpya. Mtu akifuta jedwali, replika inalifuta kwa utiifu sekunde ileile. Na ukitaka replika inayothibitisha kila muamala kabla ya kujibu, jua fizikia inakudai: mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita kama 450 kwa barabara, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 4 kwa kila muamala, hata vifaa vya njiani vikiwa bora kiasi gani. Kwa mifumo mingi inavumilika. Kwa mingine itabidi ukubali replika inayochelewa sekunde chache, na uongozi uweke saini kwamba umekubali kuzipoteza.

Nyuma ya replika kuna bakapu kamili pamoja na logi zinazohamishwa mfululizo kwenda kwingine, ili uweze kurudi kwenye dakika moja kabla ya mtu kukosea. Hapo mpangilio wa diski unageuka kuwa mpangilio wa muda. Kanzidata ya terabaiti 4 ikirejeshwa kupitia mtandao wa gigabiti moja, ukipata megabaiti 125 kamili kwa sekunde ambazo hutazipata, ni karibu saa tisa. Kwa mtandao wa gigabiti 10, ni chini ya saa moja kwa hesabu hizohizo. Kadi ya mtandao, kitu ambacho zabuni hukitaja kwa mstari mmoja, inaamua lini wateja watarudi kuliko aina yoyote ya RAID.

Waliohamia kwenye wingu wanadhani wameyaruka haya. Amazon wenyewe husema diski zao za kawaida za EBS hufa kwa kiwango cha 0.1 hadi 0.2 kwa mia kwa mwaka, na kila moja tayari ina nakala ndani ya eneo lake. Bado nakuta watu wamejenga RAID 10 juu yake, wakilipia nakala za nakala, huku snapshoti zao zikifutika kwa akaunti ileile na nywila ileile.

Hoja ya mwisho ninayoletewa ni ya mkaguzi: fomu yake ina kisanduku cha RAID, haina kisanduku cha kurejesha. Basi tumpe kitu cha kukagua. Zabuni iseme taasisi iko tayari kupoteza dakika ngapi za miamala na kusimama saa ngapi, na mzabuni achague RAID anayoitaka. Idai SSD zenye kinga ya kukatika umeme, cheksamu zilizowashwa, na bakapu nje ya jengo. Kisha, siku ya makabidhiano, mzabuni aletewe kanzidata ya majaribio ya terabaiti moja kwenye seva yake mpya, mtu wa taasisi aifute mbele ya kamati, na katibu aandike saa. Malipo ya awamu ya mwisho yafuate kile katibu alichoandika.